Mistari Miwili ya Manjano

Februari ile, theluji ya Niigata ilifika dirishani.
Ulikuwa mwaka wangu wa tisa wa kusafishwa damu,
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
na mkono niliouvunja nikifungua chupa ya achari ya figili
(achari, jamani!)
ulikuwa haujaunga.

Daktari Igarashi alitandaza karatasi.
Kalsiamu inaridhisha. Fosforasi imepanda.
Homoni ya tezi si juu, si chini,
imekaa kama mgeni asiyesema kilichomleta.
Picha ya mifupa inasema mifupa imepungua.
Kwa nini, haisemi.
Nyumba njema si mlango, nikawaza,
naye, kana kwamba amenisikia:
"Bi Honma, itabidi tuingie ndani."

Nikameza vidonge siku mbili.
Siku kumi na mbili nikakaa bila,
nikizoa theluji kwa koleo la plastiki
ingawa Kiyotaka, mwanangu, amenikataza.
Kisha vidonge tena, siku mbili.
Dawa hiyo huganda pale mfupa unapojengwa,
na chini ya hadubini hung'aa manjano.
Mstari wa kwanza, mstari wa pili,
na nafasi iliyo kati yao ndiyo kazi iliyofanyika.
Ni kama msimamizi apigaye chaki ukutani Jumatatu
ili Ijumaa ajue vibarua walijenga
au walilala.

Ganzi huua maumivu; sauti haiiui.
Nilijisikia nikitobolewa nyongani, kama ubao,
nikamkumbuka marehemu Tokuji
na keekee yake, akitoboa mapipa kiwandani.
Kilichotoka hakikuzidi njegere tatu zilizopangwa mstari.
Nesi akakitia chupani, akaandika jina langu.
Nilitaka kukiaga, nikaona haya.

Wiki sita. Mifereji ilikuwa ikilia maji
siku Igarashi aliponigeuzia skrini.
Mstari mmoja, mwembamba, umekatikakatika.
Nikautafuta wa pili
kama mtu apapasaye miwani iliyo usoni pake.
Haukuwepo.
"Mfupa wako hauliwi," akasema. "Umelala."

Na mimi miaka minne nakunywa dawa ya kuutuliza.

Aliifuta kwa kalamu nyekundu,
akainamisha kichwa kidogo zaidi ya desturi.
Sikumlaumu. Damu ilisema nusu,
picha ikasema robo.

Usiku ule, kitandani,
nilipapasa kovu, nikagonga kwa kidole.
Hodi.
Nikangoja kidogo.
Hodi.