Afu si Asumini

Shangazi Mkasi hakunifunza kwa majina.
Alinipa vitawi viwili, akasema: hesabu.

Jani moja, limekaa peke yake kikonyoni
kama mgeni aliyefika mapema:
huo mwasumini, mwana wa uani,
mnywa maji ya kuoshea mchele.
Majani matatu kwenye kikonyo kimoja,
la kati limetangulia kidogo:
mwafu huo, umejiotea wenyewe njia ya Ngezi,
umeparamia mkarafuu bila kubisha hodi.

Ua lenyewe usiliulize.
Yote meupe. Yote hufunguka magharibi
na asubuhi yamelala mchangani.

Nilikosea mara moja, arusi ya Hadia.
Nilichuma gizani, nikatunga kikuba
kwa mrehani, mkadi, na nilichodhani asumini.
Shangazi yuko ukumbini, sahani ya udi mkononi:
"Nani katuletea mwitu ndani?"
Watu wakacheka. Mimi nikaanza kufumua uzi,
ua baada ya ua.

Hadia akanishika mkono.
Baba mmoja sisi, mama mbalimbali;
sokoni Konde hunisalimu kwa jina lake,
nami huitikia, nimechoka kusahihisha.
"Kiache," akasema. "Kinanukia."

Akakivaa kifuani hivyo hivyo,
nusu kimefumuka,
na usiku kucha sikuweza kujua
harufu ipi ilikuwa ya nani.

Lakini majani nimeyaweka.
Yamo ndani ya daftari langu la hesabu, yamekauka:
matatu, na moja.