Lolote

Ilikuwa saa mbili usiku nilipoketi. Ghorofa ya tatu,
mvua ya Nairobi inagonga vioo kama mtu aliyesahau funguo,
nami nimekwama kwenye kifungu cha nne.

"Agizo la shirika lolote la nje
halitakuwa na nguvu ndani ya mipaka ya Jamhuri."

Neno la ukuu wa taifa nimeshalipata. Nilikataa enzi,
inanuka kiti cha mfalme. Nilikataa mamlaka,
hayo tumeyaachia maji, bandari na ushuru.
Ila hili lolote limenikaa kooni
kama mwiba wa ngege.

Nampigia Sirma, mwandishi wa miswada.
"Lolote ni lipi? Wakopeshaji? Mahakama? Wale wa Gigiri?"
"Lolote ni lolote, Nabwire. Kalale."

Silali. Nahesabu.
Kuna shirika lililotupa mbili tano nne,
tarakimu zinazonitangulia nikipigiwa kutoka ng'ambo.
Kuna linaloziambia ndege zipishane vipi
juu ya vilima vya Ngong, gizani, bila kugusana.
Kuna linaloifikisha barua yenye stempu ya kwetu
mlangoni pa mtu asiyejua kwetu ni wapi.
Na pale zahanati ya Kayole kuna friji fupi,
ina kibandiko cha samawati, na ndani yake
chanjo ya mpwa wangu. Jumanne, saa tatu.

Lolote halitafuni. Linameza.

Lakini sisemi mswada huu ni wa wajinga.
Baba alikuwa fundi wa breki, karakana ya reli.
Mwaka wa tisini na nne ilikuja karatasi.
Aliyeiandika hatukuwahi kumpigia kura,
hatukujua hata anakula nini asubuhi.
Ilisema kupunguza,
kama mtu apunguzavyo chumvi.
Tukahama Makongeni na godoro moja na sufuria mbili.
Mama alipougua, hospitali ilikuwa imefundishwa
neno jipya: kuchangia.
Hatukuwa na cha kuchangia.
Tulimchangia mama.

Kwa hiyo Jumapili nilimpelekea baba gazeti
lililochapa mswada wote, nikijua atafurahi.
Akavaa miwani iliyoshikizwa kwa waya,
akasoma kwa sauti ya mtu anayeitwa majina kazini.
Yeye ni wa shule ya zamani: walifundishwa
kuyaandika mbalimbali, lo na lote,
na macho yake bado huyatenga.

"Shirika lo..." akavuta pumzi, "...lote la nje."

Lo!
Nilidhani ameshtuka. Kumbe anasoma tu.
Akakunja gazeti, akalikunjua tena.
"Mwaka ule," akasema, "ningeisaini kwa damu.
Sasa sindano ya mtoto inatoka wapi?"
Nikamwambia.
Akanyamaza. Akaniomba nimwekee chai,
na sukari aliyokatazwa na daktari.

Kesho kutwa watausoma mara ya pili.
Watapiga meza. Mmoja atataja mababu,
mwingine atauliza posho ya kamati imefika wapi.
Mimi hakuna atakayeniuliza.
Mfasiri ni kama bomba: hukumbukwa likipasuka.

Narudi kwenye mstari. Kidole gumba,
kitufe kirefu, nafasi moja tu.

"Agizo la shirika lo lote la nje..."

Asubuhi Katumbi, mhariri, ataiona,
ataiziba kwa kalamu nyekundu
na kunikumbusha tahajia ya siku hizi.
Au macho yake yatakuwa yamechoka.

Nazima kompyuta. Saa ya ukutani
imeelekeza mkono wake mfupi kwenye kumi.
Nami naisoma saa nne, kama alivyoisoma nyanya,
na hadi leo hakuna aliyehitaji
kututungia sheria kwa hilo.