Sekunde Tano za Pepela

Duka langu lipo Kutaisi, kwenye mteremko wa kwenda mtoni,
kati ya fundi viatu na muuza jibini.
Zamani nilipiga picha za pasipoti.
Siku hizi nafufua mbwa.
Lari ishirini kwa sekunde tano;
ukitaka mkia utikisike mara mbili, bei ni ileile.

Wanaleta kasuku, wanaleta sungura.
Mvulana mmoja alileta kobe,
nikamwambia, mdogo wangu, huyu hata akiwa hai
sekunde tano hazimtoshi kuinua mguu.
Tukacheka. Nikamtengenezea hivyo hivyo.
Kobe akapepesa jicho, mtoto akalipa kwa sarafu.

Januari, theluji imegeuka tope,
akaingia Bibi Nazibrola, koti limepishana vifungo.
Akatoa bahasha, ndani ya bahasha gazeti,
ndani ya gazeti picha moja iliyokunjika pembe:
paka mweupe kwenye kizingiti cha dirisha, macho ya buluu,
nyuma yake mitungi ya mchuzi wa plamu,
na ukingoni, ukingoni kabisa, mkono wa mwanamume
uliokatwa na picha kwenye kifundo.
"Pepela," alisema. Kwetu jina hilo ni kipepeo.
Kuhusu mkono hakusema. Nami sikuuliza.

Nikaipitisha kwenye skana. Nikaandika maagizo
kama ninavyowaandikia wote:
paka ageuze kichwa, kana kwamba ameitwa.
Mashine ikazungusha kiduara chake, ikifikiri,
mashine isiyowahi kukwaruzwa
wala kuamshwa alfajiri na njaa ya mwingine
inayokukanyaga kifuani.
Dakika mbili. Kisha ikatema.

Masharubu yakatetema. Ubavu ukapanda, ukashuka.
Sikio la kushoto likacheza,
na Pepela akageuka, akatutazama
kama mtu aliyesikia jina lake kwenye foleni ya hospitali.

Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Alikuwa kiziwi," akasema.
"Tangu kuzaliwa. Weupe wenye macho haya, wengi ndivyo walivyo.
Miaka kumi na minne nilimwita kwa kugonga sakafu kwa kisigino,
mtetemo umfikie nyayoni.
Jina lake hakulijua. Lilikuwa letu, si lake."

Uso ulinishuka. Nikasema nitarekebisha,
nitaiambia atulie tu, apumue tu,
lakini yeye alikwisha kusogea, pua karibu iguse kioo.
"Irudie."

Nikairudia. Mara ya tatu ndipo nilipouona mkono.
Hakuna aliyeuagiza.
Mashine haijui kuacha kitu kimetulia,
ikausogeza nao: vidole vikalegea,
vikateleza juu ya mbao,
vikatoka nje ya picha.
Sekunde ya nne. Ya tano ni mbao tupu.

"Otari," alisema, si kwangu.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti:
"Hata hapa hakuaga."

Nje lori la kuni lilikuwa linarudi nyuma, likilia lia.
Nilitaka kumrudishia fedha, nilitaka kufunga duka,
nilitaka, kusema kweli, chai.
Yeye akaweka kidole kwenye kioo, kikaacha alama.
"Ikate hapa. Kabla hajaondoka."
"Zitabaki sekunde tatu, bibi."
"Tatu zinatosha. Siombi ndoa upya."

Nikakata. Nikataka kumtoza kumi na mbili;
akahesabu ishirini, noti moja moja, akizinyoosha.
Nikamwekea kwenye simu, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Mlangoni akasimama, simu kiganjani.
Hakubonyeza kwanza.
Aliinua kisigino cha kiatu chake cha msimu wa baridi
akagonga sakafu yangu, mara moja, kwa nguvu,
ndipo akabonyeza,
na Pepela akageuka.

Ng'ambo ya ukuta, fundi viatu
aligonga kujibu.