Mitungi Ishirini

Naandika kodi, nilimwambia mama mwaka ule wa kwanza.
Kodi hulipwa, akasema, haiandikwi,
na mwenye nyumba huyo yuko mlangoni, haya, muandikie.
Tangu hapo nasema nina kazi ya kompyuta.
Majirani wakimuuliza, yeye husema niko benki.

Usiku wa tatu huu.
Feni inazungusha joto lile lile la mchana,
linatoka kwangu, linafika ukutani, linarudi kwangu.
Leso moja kichwani, nyingine begani
ya kufutia jasho lisidondoke penye vibonye.
Kwenye kioo ni mtaa wetu, nimeuchora mwenyewe:
ukuta wa buluu wa kinyozi, waya za stima zilizolegea,
mbuzi wa Bi Mwanakheri kalala juu ya gunia la simiti,
na mkokoteni wa maji,
mitungi ishirini ya manjano.

Unapanda vizuri. Unakata kona vizuri.
Ukifika mteremko wa Tudor, unapaa.
Si kupaa kwa ndege;
kupaa kwa karatasi ya maandazi:
unainuka kidogo, unajipindua taratibu,
unapita ndani ya ukuta wa watu bila hodi,
unatokea palipo patupu, chini ya dunia,
na hapo unaanguka, unaanguka, hadi simu izime.

Nimebadilisha namba. Nimerudisha namba.
Nimefuta mstari niliokuwa nikiutilia shaka,
kumbe ndio uliomshikilia mbuzi.
Mbuzi naye akazama.

Saa saba stima ikapotea.
Betri asilimia kumi na nne,
na bwana wa kampuni, kwake Seoul kumeshakucha,
anauliza kwa adabu:
lile tatizo dogo, limekwisha?

Dogo.
Neno hilo nikikutana nalo njiani, tutapigana.

Asubuhi Mwambire kaleta maji.
Nikamdaka barazani, hata mtungi wa kwanza hajautua:
kaka, shika simu hii, cheza.
Akapangusa vidole kwenye kaptura, kimoja kimoja,
kama mtu anayepakatishwa mtoto mchanga.
Mlima. Kona. Akacheka alipomwona mbuzi,
pembe mbili tu zimechomoza kwenye lami.
Kisha mteremko, na hapo
akarudi nyuma mwili mzima,
visigino vikakita sakafuni, mgongo ukaegemea hewa,
na kwenye simu hakikuwapo ila kidole gumba.

Mkokoteni ukapaa.
Yeye akabaki ameegemea.

Dada Batuli, akasema,
huyu uliyemweka mbele anafanya nini?
Kashika mikono ya mkokoteni kama kashika mkono wa bi harusi.
Kupanda ni nguvu tu, hata punda anazo.
Kushuka ndiyo kazi. Kushuka huvuti, unazuia.
Maji hayajui kama wewe ni mtu.
Akapandisha mguu, akanionyesha ugoko:
kovu refu, jororo, lisilo na nywele.
Hili la Ramadhani ya juzi. Hapo hapo Tudor.

Nikarudi mezani.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili:
uzito wa mtungi, kilo ishirini, mara ishirini.
Chini yake, uzito wa mtu:
sifuri.
Mwandishi ni mimi. Mwezi wa Machi.
Na pembeni nimejiachia maneno:
kwa muda tu, nitarudi.

Una kilo ngapi? nikampigia ukelele dirishani.
Hajui. Hajapata kupimwa tangu kliniki ya utotoni.
Akafikiri, mtungi begani.
Andika sabini, akasema.
Ah, sijala bado. Andika sitini na tano.

Nimeandika sitini na tano.
Mkokoteni unashuka sasa, mzito, unalalamika,
na yule mtu wa mbele amejipinda hasa,
kila hatua anaiombea.
Mwenye nyumba amekuja, ameondoka, atakuja.
Mbuzi bado kazama.
Nimemwekea alama pale pembeni:
kwa muda tu.
Nitarudi.