Kazi ya Gumba

Nilidhani imevunjika.
Kibodi ya vipande viwili, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
vimeinamiana kama mabega ya mtu anayesikiliza.
"Haijavunjika, mama mdogo," Ndahani akasema,
"ndivyo ilivyozaliwa, huko Japani,
wakati wewe unaanza kazi."

Nilianza kazi mwaka themanini na tatu,
ofisi ya visima, nyuma ya stesheni ya Dodoma,
kwa taipureta iliyokula kucha zangu.
Injinia Hoshikawa alikuwa nayo hii, mezani pake.
Sikuruhusiwa kubonyeza. Niliifuta tu,
asubuhi na saa nane, maana vumbi letu halina adabu,
linaingia hata kwenye barua iliyogundiwa.
Alipoondoka aliiachia stoo. Stoo ikaiachia panya.
Juzi, kwenye mnada: elfu nne, pamoja na feni mbovu.

Ndahani analegeza parafujo kwa ncha ya kisu.
Chini ya kila kitufe kuna kijumba:
kijiti, springi nyembamba,
na vibati viwili vinavyogusana, kisha vinaachana.
"Swichi," anasema. Mimi naona vichuguu.
Ndani mna udongo mwekundu wa miaka arobaini.
Pengine ni wa kiangazi kile tulichochimba
mita tisini, na bomba likatoa upepo,
na mimi nikaupiga chapa huo upepo, nakala tatu.

Tumeziosha moja moja, spiriti na mswaki,
tumezianika kwenye ungo kama uwele.
Jirani amechungulia, akauliza zinapikwaje.

Jioni Ndahani anazibonyeza sikioni.
Hii inasema ka. Hii inasema to.
Hii imenyamaza.
Ni ya herufi u; springi yake imeliwa na kutu.
Akavunja kalamu yangu ya bluu, kalamu ya mwisho ya ofisi,
akakata springi yake kwa koleo, akaitia.
Ikalia, lakini kivyake: kavu, juu kidogo,
kama mgeni anayeitikia wimbo asioujua vizuri.

Nikaweka mikono.

Hospitali waliniambia mishipa ya viwiko vya mikono imebanwa,
wakanipa bandeji na karatasi ya kurudi.
Hapa viganja vimelala upande
kama nilivyovilaza nilipompokea Ndahani, siku mbili tangu azaliwe.
Mkono wa kushoto umepewa irabu zote,
wa kulia konsonanti.
Nani aliwapelekea Wajapani habari za Kiswahili?
Ma-ji. Ki-si-ma. Ba-ru-a ya-ko ya ta-re-he.
Kulia, kushoto, kulia, kushoto: mtu anatembea.
Akifika kwenye mvua, mguu wa kulia unaruka mara mbili
kama aliyekanyaga siafu,
halafu anaendelea na safari.

Na gumba, jamani.
Miaka thelathini na mitatu gumba langu lilijua jambo moja tu:
kuacha nafasi kati ya maneno ya wakubwa.
Hapa limepewa safu yake, vitufe vyake.
Nimekumbuka babu yake Ndahani kule Mvumi,
ilimba tumboni, vidole vinane vimeshika ubao
na magumba mawili yakisema yote.
Sisi tukaenda shule ya uhazili
tukafundishwa kuyasahau.

Sina barua ya kuandika.
Naandika anwani, mahali pa mtumaji:
jina, sanduku la posta, kisha
Nkuhungu.
Springi ya kalamu imelia mara tatu.

"Nitakutafutia ya kweli," Ndahani anasema,
"Dar kuna duka."
Nimemwambia asihangaike.
Ameshaanza kufunga parafujo, hajanisikia,
na mimi nimerudia:
Nkuhungu. Nkuhungu.
Nikafuta. Nikaandika tena.