Jina Kamili

Huku Gayo, mwanamke akishazaa,
jina lake hukunjwa kama nguo ya harusi,
hutiwa karafuu, husukumwa chini ya kitanda.
Mama akawa Inen Rahmi, Mama Rahmi,
na Rahmi ni mimi.
Miaka thelathini na mmoja aliitika jina langu.
Mtu akiita toka upande wa pili wa bonde
tuligeuka wote wawili.

Alipalilia, alichuma, alimenya,
alilaza buni majini, akaamka saa tisa za usiku kuiosha
kabla ziwa halijafumbua jicho.
Kucha zake zilikuwa nyeusi hata siku ya Idi.
Na kahawa ile ilikuwa ya baba.
Baba alipokufa, ikawa ya ami.
Mlanguzi Aman Jerna alikuja na mizani yake,
mizani yenye ugonjwa wa kusahau:
kila gunia ilisahau kilo mbili, wakati mwingine tatu,
na haikuwahi hata siku moja kukosea kwa kuzidisha.

Nani aliyeanza? Kila mmoja husema ni mwenziwe.
Najua tu kwamba jikoni kwa Inen Seri, mvua ikipiga bati,
wanawake kumi na wanne walichanga:
huyu bangili, yule bata wawili,
na bibi mmoja alileta akiba ya sanda yake, akasema,
"Nikifa kabla ya mavuno, nivisheni gunia."
Mizani mpya ilipanda mlima kwa pikipiki,
imefungwa kwa mpira wa tairi, imefunikwa saruni.
Siku hiyo hawakupima kahawa.
Walipimana wao.
Walicheka hadi ami akaja kuuliza kuna nini.
"Tunajua uzito wetu," mama akamwambia.
Ami akaondoka akidhani ni mzaha.

Kisha ofisi ya usajili, Takengon.
Karani kijana akaokota kitambulisho juu ya rundo, akasoma:
"Mwenyekiti. Ramunah binti Kasim."
Kimya. Feni inazunguka.
"Ramunah binti Kasim!"
Wanawake wakatazamana, majirani wa miaka ishirini.
Hata mama aligeuza shingo kutazama nyuma
ni nani huyo asiyeitika.
Halafu nikaona linavyomrudia,
kwanza masikioni, kisha mabegani.
Akanyanyuka.
"Nipo," akasema, kwa sauti ya msichana
ambaye sikuwahi kukutana naye.

Sitasema yote yalinyooka.
Mwaka wa pili kutu ya majani ilikula nusu ya mashamba.
Mume wa Inen Seri alilichoma daftari la hisa;
wakakesha wakiliandika upya, kichwani mwao tu,
na hesabu ikapishana kwa rupia mia tano.
Gunia langu mimi, mwanawe wa kumzaa, mama alilirudisha:
"Ina weusi. Kachambue."
Nililia njia nzima.
Nikachambua.

Sasa wana mashine ya kukoboa, wana ghala,
wana mnunuzi ng'ambo anayeandika barua zenye adabu.
Ramunah anakaa kwenye baraza la kijiji, mbele, si mlangoni,
na bomba la maji waliloliahidi wanaume
chaguzi tatu mfululizo
limefika shuleni. Linavuja kidogo.
Kila siku ya kupokea kahawa huita majina,
yale ya kuzaliwa, moja moja, bila haraka:
Jemilah. Sawiyah. Bengi. Kamariah.
Mengine bado yananuka karafuu.

Juzi sokoni, muuza depik, visamaki vya ziwani,
aliniita kwa mbali:
"Wewe! Mtoto wa Ramunah!"
Nikageuka.
Akanipunguzia bei. Kidogo.