Vitenzi vya Jumamosi

Nina wasikilizaji saba tu.
Wanakaa safu ya nne, chini ya bati linalovuja,
kila mmoja na kidude chake sikioni,
nami juu yao kibandani, na chupa ya chai,
vidole vimekufa ganzi, mdomo ndio mzima.

Hawaoni. Basi siwezi kusema "amepiga".
Amepiga vipi? Kwa hasira, au kwa dharau?
Bi Ormerod alinionya msimu wa kwanza:
"Kijana, hata mvua inapiga.
Nipe kitenzi chenye mguu."

Nikaanza kuokota.

Winga wetu akiupenyeza mpira
katikati ya miguu ya beki aliyejisahau,
sisi wa Thornclough tunasema amemtia kungumanga.
Kwa nini kungumanga? Sijui. Babu yangu naye hakujua.
Bwana Entwistle, aliyeoka mikate hadi macho yakamzimikia,
hucheka kila mara,
anaapa kwamba inamjia harufu ya maziwa ya moto.

Gledhill wetu hachezi rafu: anafyeka.
Nikisema hivyo huwa nanyamaza kidogo,
ili wasikie nyasi zikilala
na refa akitafuta kadi mfukoni.

Kuna kuingia kizimu:
mshambuliaji hayupo, hayupo, kisha yupo,
langoni, peke yake, hakuna aliyemsikia akija.
Zubair, ana miaka kumi, aliniuliza siku moja:
"Mizimu huvaa namba ngapi?"
Nikamwambia tisa. Sasa anamwogopa kila namba tisa,
hata wa kwetu.

Na kuna pasi ya kutungwa, kama uzi.
Hiyo ni ya Bi Ormerod.
Miaka thelathini na moja kiwandani, mbele ya mtambo wa kufumia,
hadi siku walipofunga milango wakauza vyuma kwa kilo.
Nikisema "ameutunga kati ya mabeki wawili",
vidole vyake vinaanza kutembea mapajani,
vinatafuta tundu.
Viwanda vimekufa, migodi imejaa maji,
lakini kila Jumamosi kuna mtu uwanjani
anayetunga, anayegongomea, anayetoboa kwa keekee.
Kazi zetu zote zimehamia kwenye miguu ya vijana
wasiojua nyundo inashikwaje.

Lakini mkate wetu ni kitenzi kimoja.
Mpira ukiingia wavuni bila ubishi, tunasema: amezika.
Nimekisema hadi kimelainika mdomoni kama peremende.

Februari, Alhamisi, Bi Ormerod alimzika Clifford wake.
Jumamosi akaja. Koti lile lile, kiti kile kile,
na cha pembeni wazi, kofia juu yake.

Dakika ya themanini na tisa.
Krosi. Namba tisa kaja kizimu. Kichwa.
Uwanja mzima ukasimama, bati likatetemeka,
nami nikawa na neno kwenye ncha ya ulimi
na nikalimeza.
Nikasema… ameulaza.
Ameulaza wavuni. Taratibu.
Goli la kichwa, mita kumi, limeng'oa nyavu,
nami naliimbia kama mtoto mchanga!

Chini, vichwa saba vikageuka kuelekea kibandani.

Alinisubiri kwenye ngazi, fimbo yake ikigonga zege.
"Hebblethwaite. Lile goli."
"Ndiyo, mama."
"Alilala nani pale?"
Sikujibu.
"Clifford alikuwa mtu wa kupiga kelele. Alhamisi
palikuwa na minong'ono tu, na sandwichi.
Nilikuja leo nisikie neno lile likisemwa kwa sauti kubwa,
watu elfu mbili wakisimama."

Jumamosi iliyofuata tulitoka suluhu, bila bila.
Gledhill alipaisha penalti mpaka relini.
Mvua ilipiga. Nilisema hivyo hivyo: ilipiga,
na Bi Ormerod, chini kule, akatikisa kichwa.